Besi Nyekundu: Kusaka Muziki wa Laivu kutoka Iringa hadi Mbeya

Jumatano, Iringa

Basi la kutoka Dodoma kwa njia ya Mtera limenishusha Kihesa saa nane mchana. Niliambiwa Kihesa ndiko kwenye muziki Iringa, kwa sababu ndiko waliko wanafunzi. Baa kweli zipo, majukwaa madogo ya mbao yapo, na ukutani kwa baa moja bado kuna bango la shoo ya mwezi Juni lililochanika nusu. Wanafunzi ndio hawapo. Julai inaisha, mitihani imepita, vyuo vinafunga. Mwenye grosari moja alinijibu huku anapanga kreti, hata hakuinua macho: "Rudi Novemba, kaka. Saa hizi nikilipa bendi, itawapigia wahudumu wangu."

Kumbe ratiba ya shoo za Iringa imeandikwa na vyuo. Chuo cha Mkwawa wakifungua, Kihesa inaamka. Mkwawa wakifunga, hata yule kijana wa kukodisha spika anarudi kwao Kilolo kulima.

Jioni nikapelekwa Miyomboni kwa mzee mmoja fundi redio, ambaye nilihakikishiwa kwamba hajawahi kukosa dansi enzi zake. Nikamwamkia, akanikaribisha kigoda, na kabla sijauliza lolote akaanza na Tancut. Kwa wasiojua: Iringa kulikuwa na kiwanda cha serikali cha kukata almasi, na kiwanda kile kilikuwa na bendi, Tancut Almasi Orchestra, iliyotikisa nchi miaka ya 1980. Humo ndimo walimoimba mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Halikuwa jambo la ajabu wakati ule. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz, vijana wa chama tawala walikuwa na Vijana Jazz. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na gitaa lilikuwa mali ya mwajiri.

"Mpiga solo alikuwa anapokea mshahara mwisho wa mwezi kama karani," mzee akasema. Kisha akaniangalia juu ya miwani. "Sasa hao unaowatafuta wewe, wao anawalipa nani?"

Nilimwambia ndicho kilichonileta. Akacheka, akarudi kwenye redio yake.

Alhamisi, bado Iringa

Baridi ya asubuhi hapa haina utani. "Kamwene," nikamsalimia mama wa chapati, naye akaitika kwa furaha kubwa kuliko Kihehe changu kinavyostahili.

Mchana nimeshinda nje ya saluni moja ya kiume Mlandege. Vijana kama wanane, spika moja ya bluetuthi juu ya stuli, biti inazunguka, kila mtu anaingia kwa zamu yake. Wengi wanachana kawaida tu, mambo ya pesa na maadui wasiojulikana. Lakini kuna binti mmoja, mshonaji wa duka la jirani, aliyekuja na futi kamba shingoni. Akachana kuhusu kaka yake dereva wa lori anayeshuka mlima Kitonga usiku, kona kwa kona, mpaka wote tukanyamaza tukitaka kujua kama alifika. Hakutuambia. Alikatisha, akarudi kwenye cherehani.

Nikauliza matangazo ya shoo yanapatikana wapi. Jibu: stetasi ya WhatsApp. Inakaa saa 24 kisha inapotea. Usipokuwa na namba ya mtu sahihi, hata ukae mtaa huohuo hutajua kitu. Redio za hapa zinawatangaza, ila shoo ndogo ya watu hamsini huisikii redioni, kwa sababu aliyeiandaa hana hela ya tangazo.

Prodyuza wao ana studio ya chumba kimoja, magodoro ukutani. Anataka kuingiza sauti ya ligombo, zeze la kulaza la Wahehe, kwenye biti zake. Hugh Tracey alipopita Tanganyika na mitambo yake ya kurekodi mwaka 1950, wapigaji hawakuwa wa kutafuta kwa tochi. Huyu kijana amezunguka vijiji vya Kalenga miezi kadhaa hajapata anayekubali kuja mjini. Kwa sasa anaiga mlio kwa kinanda. Nimeusikiliza. Una kasoro ya usafi, hauna ule mkwaruzo wa waya juu ya mti.

Ijumaa, njiani kisha Mbeya

Sina la kusema kuhusu safari. Igumbilo, Mafinga na misonobari yake, Makambako kwenye mishikaki, kisha teremko la kuingia Igawa ambako ghafla unavua sweta. Chimala, Igurusi, magunia ya mchele barabarani, halafu Uyole na sweta linarudi mwilini.

Hayo magunia ya mchele, hata hivyo, yana uhusiano na habari yangu. Mpunga wa Mbarali na Kyela umeshavunwa na mahindi yameshakauka, kwa hiyo watu wana hela. Huu ndio msimu wa harusi, wa sendofu, wa ngoma, na wa kila mwenye spika kuitwa bosi. Ukitaka kusikia muziki Mbeya usije Februari, mvua inanyesha na mifuko imekauka.

Saa tatu usiku nipo kwenye baa moja Mafiati, ya wazi, bati juu, majiko ya mkaa kati ya meza kwa ajili ya baridi. Bendi ina watu saba. Wanapiga kopi karibu usiku mzima, zilipendwa na rumba, na sioni aibu kusema wanazipiga vizuri. Wapo wanaodharau bendi za kopi. Mimi nadhani anayedharau hajawahi kujaribu kushika solo ya sebene kwa dakika kumi na vidole vimeganda kwa baridi ya Mbeya.

Kilichonivuta ni besi. Gitaa lenyewe jekundu, rangi imebanduka pale mkono unapoegemea mpaka mbao inaonekana. Ufunguo mmoja wa kukazia waya umekatika kichwa, na mpigaji ana koleo mfukoni. Kila baada ya wimbo wa tatu anatoa koleo, anakaza kidogo, anasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, anairudisha mfukoni. Mkanda wa kuvalia ni wa begi la shule, una maua.

Karibu na saa tano waliingia madereva wa malori ya Zambia, na mmoja akaenda moja kwa moja jukwaani akamnong'oneza kiongozi. Tunduma iko kama kilomita mia moja tu kutoka hapa, na Mbeya imezoea masikio ya ng'ambo ya mpaka. Bendi ikabadilika palepale ikaingia kalindula, muziki wa Zambia, besi ikatangulia mbele, magitaa mengine yakaisindikiza. Dereva akamtunza mpiga besi noti ya elfu kumi, akaibandika kwenye paji la uso. Jamaa hakuitoa. Alipiga wimbo mzima imening'inia hapo, anatazama chini yake kwa jicho moja.

Wakati wa mapumziko nilimuuliza analipwa vipi. "Baa inatupa laki moja na nusu, tunagawana. Ukitoa vyombo, hiyo siyo hela. Hela ni hii," akagusa paji la uso. Vyombo si vyao. Hata besi.

Jumamosi, Mbeya

Ukumbi wa Soweto, shoo ya wachanaji andagraundi, kiingilio buku tatu mlangoni. Nilipata habari kwa mpiga besi wa jana, ambaye aliipata kwa mpiga dramu, ambaye stetasi yake ilikuwa imebakiza saa mbili ifutike.

Mbeya na hip hop ni undugu wa zamani. Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, mmoja wa walioifungulia njia bongo fleva, ndiye aliyekuwa mbunge wa jiji hili kuanzia 2010 hadi 2020. Rayvanny ametoka hapa pia, na tuzo ya BET aliichukua 2017 akiwa tayari mtu wa Dar. Hapo ndipo penye tatizo, ukiwasikiliza vijana wa Soweto: wakubwa wote wametoka hapa, na neno zito ni hilo "wametoka".

Promota wa leo ni kijana wa miaka ishirini na kitu, anafanya kazi ya kuuza vipuri mchana. Alikuwa na faili la plastiki alilolikumbatia jioni nzima kama mtoto mchanga. Ndani mna kibali cha afisa utamaduni, barua ya polisi, risiti ya ukumbi, na usajili wake wa Baraza la Sanaa la Taifa. Alinionyesha karatasi moja baada ya nyingine bila mimi kuomba. Kibali kinasema mwisho saa sita usiku, na saa sita kasorobo tayari alikuwa anapunga mkono nyuma ya jukwaa.

Shoo za aina hii kwa kawaida ni pleibeki. Msanii anakuja na fleshi, DJ anaichomeka, na nusu ya muda unamsikia akishindana na sauti yake mwenyewe. Promota huyu alitaka tofauti: dramu, kinanda, besi, na wachanaji sita wapokezane mbele ya bendi hiyohiyo. Mazoezi walifanya mara mbili, na inasikika kwamba ni mara mbili. Wa kwanza aliingia kabla ya biti, wa pili bendi ilimwacha nyuma. Wa tatu alikuwa jamaa wa Iyunga mwenye sauti ya kukoroma, akachana kuhusu bibi yake anayeuza ndizi kituo cha TAZARA siku treni inapopita. Hapo bendi na mchanaji wakashikana. Umeme ukakatika katikati ya ubeti, na mpiga dramu hakusimama. Jamaa akaendelea gizani bila maiki, ukumbi mzima unapiga makofi kwenye mapigo, mpaka jenereta ilipowaka na spika zikarudi kwa kishindo. Hiyo dakika moja na nusu ndiyo shoo niliyoifuata kutoka Dodoma.

Taa ziliporudi nikaona mkanda wa maua. Besi jekundu, mpigaji mwingine kabisa, koleo lipo juu ya spika.

Jumapili, Mbeya

Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na pamoja na Biblia walileta matarumbeta. Mpaka leo ukitaka kusikia watu ishirini wakipuliza vyombo vya shaba kwa sauti nne bila spika hata moja, nenda ibada ya asubuhi kwenye ushirika wao wenye bendi. Nilikaa benchi la nyuma. Mzee wa tarumbeta kubwa alikuwa anavuta pumzi mpaka koti linapanda mabegani, halafu sauti inatoka chini kabisa, unaisikia kwenye mbao za benchi kabla ya masikio.

Nitasema ninaloliamini: wapiga vyombo bora wa Mbeya wako makanisani. Huko kuna mazoezi kila wiki, kuna mwalimu wa kwaya anayejua nota na asiyeogopa kumfukuza mtu, na kuna hadhira inayokuja bila tangazo. Kijana wa baa anajifunzia kanisani, na wengine wanapiga kote kuwili na kuomba msijuane. Kwa sababu hiyo sitataja ni nani nilimwona leo akiwa na shati jeupe ambaye Ijumaa alikuwa na noti usoni.

Ibada ya pili ilikuwa ya vijana, kwaya ya kisasa yenye vinanda na magitaa. Nadhani unajua nilichokiona. Safari hii mkanda ulikuwa mweusi, wa heshima, lakini koleo lilikuwa palepale, kwenye mfuko wa suruali ya kitambaa.

Baada ya ibada nikamfuata mpigaji. "Samahani kaka, hili gitaa ni la nani?"

"La mama wa Mwanjelwa," akajibu, kama vile nimemuuliza jua linachomoza wapi.

Jumatatu, viwanja vya John Mwakangale

Maonesho ya wakulima ya Nane Nane yameanza tangu Jumamosi na jiji lote limehamia huku. Mama wa Mwanjelwa hapatikani, kila nikipiga simu naambiwa yuko "saiti". Basi nikaamua kuzunguka.

Watu wengi wanakuja kuangalia ng'ombe na matrekta, ila kwa mtu wa muziki hili ni jukwaa refu kuliko yote ya nyanda za juu. Kila banda kubwa lina spika zake, na ukisimama kati ya mawili unasikia kwaya sikio hili na singeli sikio lile. Halmashauri zinaleta vikundi vya ngoma. Nilisimama saa nzima mbele ya kikundi cha mganda kutoka ukanda wa Ziwa Nyasa: wanaume pekee, kaptula nyeupe zilizopigwa pasi zikasimama, soksi ndefu, mistari iliyonyooka. Ngoma hii ilizaliwa na watu walioangalia gwaride na bendi za askari wa kikoloni, wakaondoka na mwendo wao. Badala ya tarumbeta wanatumia vibuyu vyenye utando, unaimba ndani yake na sauti inatoka na mtetemo wa nyuki. Kiongozi ana filimbi. Akipuliza mara moja, mstari wote unageuka. Akipuliza mara mbili, wanarudi. Kijana mmoja wa nyuma aligeuka upande usio wake, na mzee wa jirani yake, bila kuacha kucheza, akamrudisha kwa kiwiko.

Vikundi hivi vinalipwa posho na nauli, na chakula. Niliuliza. Mmoja wao alisema kinachouma ni kwamba mwaka mzima hakuna anayewaita, halafu Agosti wanatakiwa kila mahali kwa siku moja.

Jumanne, Mwanjelwa

Hatimaye. Stoo yake iko nyuma ya soko, mlango wa bati wenye kufuli mbili. Ndani: viti vya plastiki vimepangwa hadi darini, maturubai, masufuria ya pilau, na upande wa pili spika, mixa mbili, dramu, vinanda, magitaa yamening'inia msumarini. Shikamoo yangu aliitikia, akaniambia nisubiri amalize kuhesabu vijiko.

Alianza na viti na maturubai ya misiba na harusi. Watu wakawa wanamuuliza kama ana spika, akanunua spika. Besi jekundu aliichukua kwa bendi iliyoshindwa kumlipa, miaka mingi sasa. "Nilitaka kuiuza. Kila nikitaka kuiuza kuna mtu anaikodi."

Kisha akatoa daftari, la kawaida la mistari, jalada limefungwa na gundi ya karatasi. Tarehe, mahali, vitu, advansi, baki. Nikakaa chini. Stetasi zote nilizokuwa nawinda, mabango, tetesi za wapiga dramu, zote zilikuwa mle ndani kwa mwandiko wa mtu aliyesoma shule ya misheni. Jumatano, sendofu, Forest, seti nzima. Alhamisi, mazoezi ya kwaya, besi na kinanda. Ijumaa, Mafiati kama kawaida. Ijumaa ileile, wachanaji wa Uyole, spika mbili na mixa ndogo. Harusi zinalipa kamili mapema. Makanisa yanalipa polepole lakini yanalipa. Kwenye majina ya wachanaji na bendi mpya, safu ya advansi iko wazi, na pembeni kuna duara la kalamu nyekundu.

Nikauliza duara ni nini.

"Hao watanilipa baada ya mlango. Wakijaza, wananilipa. Wasipojaza, tunaandika tena."

Nikahesabu maduara kwa macho mpaka nikaacha. Mzee wa Miyomboni aliuliza nani anawalipa vijana hawa, na sehemu kubwa ya jibu ilikuwa imekaa mbele yangu kwenye kreti la soda, inafunga vijiko kumi kumi kwa mpira. Harusi ndizo zinazobeba hip hop ya Mbeya, na maharusi hawajui.

Nikamuuliza mbona haongezi bei. Akasema ameshaongeza, kwenye masufuria.

Jumamosi ya tarehe 8, kilele chenyewe cha Nane Nane, daftari lina mistari miwili inayogombania besi moja. Wa kwanza ni bendi iliyopata kazi kwenye banda la kampuni fulani Uyole, wamelipa nusu. Wa pili ni wale wachanaji wa Soweto, wanataka kurudia shoo yao Tukuyu na bendi kamili. Wao wamezungushiwa duara.

Promota mwenye faili la plastiki aliingia tukiwa tunaongea. Amkio, kisha kimya, faili limekumbatiwa. Mama akamwacha asimame muda wa kutosha kufunga vijiko vingine ishirini.

"Wa Jumamosi mlimaliza saa ngapi?"

"Saa sita kasoro dakika tano, mama."

"Mlango ulitoa nini?"

Akataja. Akaweka mezani deni lote la Jumamosi na juu yake elfu ishirini ya safari hii. Mama akahesabu, akapiga mstari juu ya duara, akapiga simu Uyole papo hapo. Bendi ya bandani itapewa kinanda kikubwa, mkono wa kushoto wa mpigaji utafanya kazi ya besi, na watapunguziwa bei. Walilalamika, nilisikia mpaka nilipokaa. Akawaambia banda la kampuni halichezwi rumba, linachezwa tangazo.

Kwa hiyo walioko Mbeya, andikeni: Jumamosi, Tukuyu, kuanzia saa kumi jioni, kiingilio buku tatu. Ni kama kilomita sabini kutoka jijini, na Coaster zipo mchana kutwa ila jioni siku hiyo zitajaa watu wa maonesho, kwa hiyo ondokeni mapema. Yule jamaa wa Iyunga yumo, na amesema safari hii ubeti wa bibi atauchana wote. Tukuyu mvua haiulizi msimu, chukueni mwamvuli. Mpiga besi ameniomba koleo la akiba.